Debe Lisilonyolewa

Shangazi,

Shikamoo. Najua leo hakuna marahaba itakayorudi, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtoto haanzi maneno kabla ya salamu, na sitaki kukukosea adabu kwa sababu tu umekufa. Kwa hiyo nimeandika shikamoo, nikasubiri kidogo kama mtu anayesubiri mlangoni, ndipo nikaendelea.

Nimekaa kwenye kile kigogo chako cha mkaratusi, nje ya kibanda cha mashine. Ni Jumatatu, saa nne asubuhi, na baridi ya Endagikot unaijua, vidole vinaandika polepole. Daftari ni lile lenye jalada gumu uliloninunulia nilipoingia kidato cha tano. Ulinikabidhi mbele ya Baba ukasema, "Huyu hasemi. Basi aandike." Kurasa za mbele zimejaa hesabu za mashine yako. Barua hii naiandika kuanzia nyuma, na sijui vitakutana wapi.

Nina habari za mashine yako ya kusaga. Zina sehemu ya aibu, na sitairuka, kwa sababu bila ile aibu nisingejua nilichopaswa kukushukuru.

Ulipofariki mwezi wa tano nilikuwa shuleni. Walinipa ruhusa ya siku tatu. Kwenye msiba wako nakumbuka vitu vichache tu: viatu vingi mlangoni, wanawake wa jumuiya wakiimba, na Mama Tluway, yule mteja wako mwenye mdomo kuliko wote, amekaa kimya kutwa nzima. Kimya chake kiliniogopesha kuliko jeneza. Mimi sikulia vizuri. Kilio kilikuja wiki mbili baadaye, katikati ya kipindi, mwalimu wa fizikia alipotamka tu neno "gesi". Niliomba ruhusa nikaenda nyuma ya bweni.

Likizo ilipofika nikarudi nyumbani, nikakuta mashine imefunikwa turubai. Nililifunua kidogo. Ubavuni mwa pipa kulikuwa na alama ya chaki, duara lenye mkato katikati. Nikamwendea Baba, alikuwa anakatakata majani ya ng'ombe, nikamuuliza ile alama ni ya nini.

"Ya yule mnunuzi wa vyuma chakavu wa Katesh," alisema bila kuinua kichwa. "Anakuja na gari Jumatatu, baada ya misa ya kumbukumbu."

Usimlaumu, Shangazi. Wewe ulikuwa dada yake mkubwa na alijaribu. Aliiwasha mara mbili baada ya mazishi. Mara ya kwanza ilitoa moshi mweupe asubuhi nzima na injini haikukubali hata kukohoa. Mara ya pili mfuniko wa pipa uliruka kwa kishindo, kuku wakapotea hadi kesho yake. Tangu siku hiyo wanawake wa huku juu wanapeleka mahindi Mbulu mjini, wanaondoka asubuhi wanarudi mchana. Baba aliniambia, "Mashine ya dada ilikuwa inamsikiliza yeye. Sisi wengine inatuona wageni."

Ndipo nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema. "Baba, mimi naweza kuiwasha."

"Umewahi kuiwasha?"

"Hapana. Lakini ninayo kwenye daftari."

Alicheka, si vibaya, ila alicheka. "Felista, daftari halisagi mahindi." Akaendelea kukata majani. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita. "Haya. Unga wa misa ni magunia matatu. Jumamosi usage yote hapo, kabla wapishi hawajaanza kupika. Ukimaliza, nitamwambia yule bwana asije. Ukishindwa, chaki itabaki hapo hapo."

Hilo ndilo lilikuwa sharti. Magunia matatu ya mahindi, na mimi, na daftari.

Mashine unaijua kuliko mimi, lakini acha niieleze ninavyoielewa, uone kama nilikuwa nasikiliza.

Ulitoka Basotu baada ya mumeo kufariki, ukaja na injini ya pikapu iliyokufa na akili uliyoipata karakana ya shamba la ngano, ulikokuwa unachomelea majembe ya trekta. Ulianza na mabua ya ngano kwa sababu ndiyo uliyoyazoea kule. Yakawaka vizuri siku ya kwanza, siku ya pili pipa likaziba. Ulipolifungua ukakuta majivu yameyeyuka yakawa mabonge kama chupa iliyoungua. Bonge moja bado liko dirishani kwangu. Ndipo ukahamia kwenye magunzi ya mahindi, ambayo huku kila nyumba inayo na hakuna anayeyathamini.

Magunzi yanaingia juu ya pipa. Moto uko chini, unapata hewa kidogo tu kupitia mirija mitano. Ulikuwa unasema, "Moto ukipewa hewa yote unakula kila kitu wenyewe. Ukinyimwa, unakuachia gesi." Gesi inashuka kupitia makaa, inapoa kwenye bomba lililozama majini, inachujwa kwenye maranda, halafu inaingia kwenye injini badala ya petroli. Injini inavuta mkanda, mkanda unazungusha mashine ya kusaga. Mara ya kwanza uliponionyesha pipa likiwa moto, uliniambia ndani kuna vyumba vinne, ukapeleka kidole hewani kutoka juu kwenda chini. "Hapa gunzi linakauka, unaweza kuweka mkono. Hapa linavunjika, unaweza kuchemshia chai. Hapa linaungua, usiweke hata jicho. Na hapa chini ndipo linapogeuka gesi, na hapo hata mimi sijui kinachoendelea."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishika. Mtu mzima, fundi, anasema hajui, na mashine yake inasaga.

Kwa hiyo mwaka jana, mwalimu alipotuambia kila mmoja achague kitu cha nyumbani akitengenezee mfano wa kihesabu, wengi walichagua sufuria ya maji inayochemka. Mimi nikachagua pipa lako. Mwalimu alisema mfano wa kihesabu ni ramani ya mahali usipoweza kuingia. Nikafikiri, hapo ndipo ninapotaka kwenda.

Milinganyo yangu ilikuwa minne, mmoja kwa mstari. Wa kwanza unatafuta uzito wa magunzi: idadi ya madebe mara uzito wa debe moja. Wa pili unatoa maji, kwa sababu hata gunzi kavu linaficha maji ndani. Wa tatu unagawa joto, kiasi gani kinakausha, kiasi gani kinapotea kwenye bati la pipa. Wa nne unasema gesi itakayotoka ni kiasi gani, na itazungusha injini kwa dakika ngapi.

Uzito wa debe niliupima mwenyewe, uani, kwa mizani ya kuning'iniza niliyoazima maabara. Nilijaza magunzi, nikapitisha rula juu ili yawe sawa na mdomo wa debe, kama tulivyofundishwa kupima, nikaning'iniza. Kilo nne. Nikarudia. Kilo nne. Nilijisikia mwanasayansi.

Halafu ukaanza kunipa vipimo vya kweli. Wewe ulikuwa nje unapakia pipa, mimi nimekaa ndani ya kibanda na saa na kipimajoto, na sauti yako inaingia dirishani. "Moja! Mbili! Umeandika, profesa?" Nilikuwa naandika. Sikuwahi kutoka nje wakati unapakia, Shangazi, hata mara moja. Nje kulikuwa na wateja, na wateja walinitisha kuliko moshi. Wangeniuliza nasoma nini, na mimi ningetazama miguu yangu. Ndani nilikuwa na saa, na saa haiulizi.

Hesabu ikakataa. Kwa madebe mawili, daftari lilisema injini itanguruma dakika ishirini na nne. Ikanguruma thelathini, ikamaliza gunia zima. Tukarudia siku nyingine, thelathini. Nilipokuambia ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Kwa hiyo nimezidisha? Niipunguze ifanane na daftari lako?"

Muhula mzima nilitafuta kosa. Nilibadilisha maji ya kwenye gunzi, nikabadilisha joto linalopotea, nikahesabu upya mirija ya hewa. Mwisho nikafanya kitu ambacho nakiungama kwako kabla ya mtu mwingine. Nilichukua dakika za injini, nikazigawa kwa dakika zangu, nikapata moja nukta mbili tano. Nikaichomeka namba hiyo kwenye mlinganyo wa gesi, kana kwamba magunzi ya Endagikot yana gesi robo zaidi ya magunzi mengine duniani. Kila kitu kikakaa sawa. Mwalimu aliposahihisha aliizungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni maneno mawili: "Imetoka wapi?" Sikumjibu. Nilijiambia kwamba jibu limepatikana, inatosha.

Nilitaka nije nikuulize wewe likizo hii.

Jumamosi nilivaa koti lako la karakana, lile lenye matundu ya cheche. Mikono yake ni mirefu, nikaikunja mara mbili. Wanawake walikuwa wameshafika na magunia matatu, Baba amekaa kwenye kigogo hiki ninachokalia sasa, mikono kifuani. Daftari lilisema magunia matatu ni madebe sita. Safari hii hapakuwa na mtu wa kupakia nje isipokuwa mimi, kwa hiyo nikatoka nje.

Nilijaza debe la kwanza. Nikatoa rula mfukoni, nikapitisha juu, magunzi ya ziada yakaanguka chini. Nikamimina kwenye pipa. Nilisikia mtu akiguna. Nikafanya hivyo hivyo mara sita, kwa uangalifu, na wanawake wakawa wananitazama kwa namna ambayo niliidhani ni heshima.

Nikasimama upande unaotoka upepo, kwa sababu ulinionya, "Gesi hii ni sumu, na haipigi hodi." Nikazungusha feni ya mkono. Nilipofika kwenye bomba la majaribio nikawasha kiberiti, na moto ukatokea mwekundu, mlegevu. Baba alisema, "Si umeshawaka, peleka kwenye injini." Lakini nilikuwa nakusikia wewe: "Subiri moto uvae sare." Nikasubiri. Ukawa wa njano, halafu taratibu, kuanzia chini, ukawa wa bluu kama sketi za sare za watoto wa shule ya msingi. Ndipo nikafungua gesi ya injini. Ikakohoa mara mbili, ikashika.

Shangazi, ile sauti. Mama Tluway aliweka kanga mdomoni. Baba alisimama, halafu akakaa tena, kama mtu aliyesahau alichosimamia.

Gunia la kwanza likaisha. Gunia la pili likaisha, unga wa moto unamwagika kwenye gunia jipya, na mimi nimeshaanza kutabasamu ndani ya koti lako. Gunia la tatu lilikuwa halijafika nusu nilipousikia mlio ukibadilika. Nikatazama saa. Dakika ya sabini na mbili. Kwenye daftari niliandika tisini. Injini ikavuta pumzi, ikapiga moja, ikanyamaza.

Mkanda ulizunguka kidogo kwa kasi iliyobaki, ukasimama. Baba alikuja polepole, akachukua kamba, akaanza kufunga mdomo wa gunia la tatu ili lipelekwe mjini kwa pikipiki. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umejitahidi, mwanangu," na alipopita karibu na pipa nikaona jicho lake limeangukia kwenye chaki.

Nilifungua daftari pale pale nimesimama. Milinganyo minne, na ile namba yenye duara jekundu. Imetoka wapi? Sikujua. Nilikuwa nimeijenga mashine yako yote juu ya kitu nisichokijua, halafu nikawaita watu waje kutazama.

Ndipo Mama Tluway akasema, kwa ile sauti yake ya kuita mbuzi, "We mtoto, lile debe mbona ulikuwa unalinyoa?"

Nilimwambia ndivyo tunavyopima.

"Nani anayepima hivyo? Debe la dukani ndilo linalonyolewa. La nyumbani halinyolewi."

"Lakini Shangazi alisema madebe mawili kwa gunia."

"Mawili ya nani? Mawili ya shangazi yako." Akanyanyuka, akalichukua debe mikononi mwangu kama vile namchelewesha. Akajaza magunzi mpaka mdomoni, akalitikisa, akaongeza, akalitikisa tena, akapandisha kilima juu ya mdomo, halafu akalaza mkono wa kushoto juu yake kisiporomoke. "Hivi. Miaka yote anapakia hivi. Tukimwambia, fundi, unamaliza magunzi, anasema mashine nayo ni mgeni, mgeni hapimiwi kwa kunyoa."

Mwingine akadakia, "Na sisi tulipokuona na kirula chako tukasema labda siku hizi shule imeleta ubahili." Wakacheka. Mama Tluway alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakuacha, na nikaelewa kwamba hakuwa anacheka tena.

Mimi nilikuwa nimesimama na rula mkononi. Kilima. Mwaka mzima sauti yako imepita dirishani, moja, mbili, na kilima kilikuwa nje, upande wa pili wa ukuta, hatua sita kutoka kwangu.

Nilimwomba Baba asubiri. Sijui nilitumia sauti gani, lakini aliiacha kamba. Nikafungua mfuniko kama ulivyokuwa ukifungua: hatua moja nyuma, uso pembeni, unaliacha pipa lipumue kwanza. Nikamimina debe moja lenye kilima, nikaongeza la pili, mkono wangu wa kushoto juu yake. Nikafunga. Nikazungusha feni. Moto ukaanza upya kuvaa sare yake, na safari hii hakuna aliyenihimiza. Injini ikashika kwa mara ya kwanza tu.

Gunia la tatu likaisha wapishi wakiwa bado wanaosha masufuria.

Baba alisimama mbele ya pipa muda mrefu. Lilikuwa limeanza kupoa. Halafu akavuta mkono wa sweta lake mpaka ukafunika kiganja, akafuta ile chaki, akafuta na mahali pasipokuwa na chaki. Akanipa simu yake. "Mpigie wewe yule bwana. Mwambie asije." Unajua mimi na simu. Nilitaka kumwomba apige yeye. Halafu nikakumbuka ukuta na hatua sita, nikapiga. Nilimwambia, "Shikamoo, ile mashine ya Endagikot haiuzwi, inafanya kazi." Akauliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye ninayeiwasha.

Kwenye misa jana kanisa lilijaa. Ugali ulikuwa wa unga wako. Nasema wako, utanielewa. Watu wa Basotu walikuja na samaki wakavu, wakakaa na watu wa huku, wakasimulia ulivyowahi kuchomelea spoki ya baiskeli ya padre huku akikusubiri amevaa nguo za misa. Hiyo sikuwa naijua. Kuna mengi yako siyajui.

Baada ya wageni kuondoka, nilichukua mizani. Nikajaza debe kama Mama Tluway alivyonionyesha, kwa kilima na mkono wa kushoto, nikaning'iniza. Kilo tano. Nikarudia mara mbili. Kilo tano, kilo tano.

Tano kwa nne, Shangazi. Moja nukta mbili tano.

Nilikaa chini uani nikacheka peke yangu, halafu nikalia vizuri, kile kilio nilichokuwa nakidai tangu mwezi wa tano. Ile namba niliyoionea aibu haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya kweli, ila niliiweka mahali pasipo pake. Nilifikiri ni siri ya gesi, kumbe ni wewe unaongeza. Nimeifuta kwenye mlinganyo wa nne nikaiweka kwenye wa kwanza, kwenye uzito wa debe, na sasa mlinganyo wa gesi unasimama wenyewe bila kubembelezwa. Magunzi ya Endagikot ni magunzi kama mengine. Mkono ndio haukuwa kama mingine.

Kwa hiyo acha nikushukuru. Asante kwa daftari. Asante kwa kupiga kelele za moja, mbili, hata ulipokuwa umechoka na ungeweza kupakia kimya. Asante kwa kutonilazimisha kutoka nje, ingawa sasa natamani ungenilazimisha. Asante kwa kusema "hata mimi sijui" mbele ya mtoto. Kuna walimu wengi sijawahi kuwasikia wakisema hivyo, na neno hilo ndilo lililonifungulia mlango wa hesabu. Na asante kwa kunicheka. Ulinicheka kama mtu anayejua kwamba siku moja nitajua anachokicheka.

Jambo moja linanisumbua bado. Ningekuja likizo hii, ningekuuliza, na ungenionyesha kwa dakika moja. Ungeniambia, "Profesa, umenyoa debe langu?" na tungekuwa tunalisimulia hadi Krismasi. Hilo tu ndilo ninalolidai, na najua hakuna wa kulilipa.

Nimerudi kwenye ukurasa wenye kalamu nyekundu. Wino umepauka kidogo. Chini ya maneno ya mwalimu nimeandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa kalamu nyeusi: *Imetoka mkononi mwa shangazi yangu.* Akiikata, nitampelekea debe.

Nakuahidi haya. Sitanyoa debe la mtu yeyote hapa. Nitamfundisha Baba kusubiri sare, ameshaniomba, ingawa aliomba akitazama pembeni. Nitakapokuwa shuleni yeye ataiwasha, na daftari nitamnakilia kwa herufi kubwa, na kwenye mstari wa kwanza nitamchorea debe lenye kilima ili asije akapotea nilikopotea mimi. Na kile chumba cha nne, cha chini, ulichosema hata wewe hujui kinachoendelea, nitakitafuta. Nitakapokijua nitakuja kaburini kukuambia, kwa sauti, hata kama kuna watu.

Pumzika, Shangazi. Naona Mama Tluway anapanda kilima na debe la mahindi kichwani, na mwenzake nyuma yake, na wameshaanza kuongea kwa sauti kubwa wajue kama nipo. Zamani ningeingia ndani nikashike saa. Nafunga daftari. Ngoja niinuke nikawapokee.

Mwanao,
Felista